Mafuta ya Ziwa Albert na bomba la Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maji, ardhi na bahari

Majibu haya ni kwa wanaoishi jirani na visima vya Buliisa na Kikuube upande wa Uganda, wenye mashamba kando ya mkuza wa bomba (ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake) kuanzia Hoima hadi Muheza, na wavuvi wa Tanga. Anayefuatilia habari za Turkana au za Muanda kule Kongo atakuta mengi yanamhusu pia. Mjadala wa kama mafuta yachimbwe au yaachwe ardhini hatuuingii. Tunaeleza kinachotokea kwenye udongo na maji yanapochimbwa, na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya mapema, kabla hayajaharibika.

Mradi wenyewe ukoje?

Mafuta yaligunduliwa mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert. Yaliyo chini ya ardhi yanakadiriwa kufikia mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Maeneo ya uchimbaji ni mawili. Tilenga, inayoendeshwa na kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies, ina mpango wa visima zaidi ya 400 kwenye viwanja 31, na viwanja 10 kati ya hivyo vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Kingfisher, ya kampuni ya China ya CNOOC, ina visima 31 kwenye viwanja vinne vilivyo ukingoni kabisa mwa ziwa.

Kutoka Kabaale, Hoima, bomba la kipenyo cha inchi 24 linasafiri kilomita 1,443 hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania, kupitia Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa za bomba, UNOC ya Uganda na TPDC ya Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC asilimia 8. Ukumbuke mgawanyo huo unapotafuta wa kumpelekea barua: mashirika ya umma ya nchi zote mbili ni wamiliki wa bomba hili.

Kwa nini bomba linapashwa moto?

Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Ili yatiririke, yanatakiwa kubaki juu ya nyuzi 50 za Sentigredi njia nzima. Kwa hiyo bomba limefungwa kwa tabaka la kuzuia joto lisipotee, lina nyaya za umeme za kulipasha, na limefukiwa kwenye mtaro wenye kina cha takriban mita mbili.

Kwa mazingira, nta ina faida na hasara. Mafuta haya yakimwagika juu ya udongo hayakimbii mbali kama dizeli, huanza kuganda. Lakini zile sehemu nyepesi zenye sumu, benzini ikiwemo, hutangulia kutoka: nyingine hupanda hewani, nyingine huyeyuka kwenye maji na kuzama nayo. Ukiona donge jeusi limetulia juu ya ardhi, usidhani hatari yote imo ndani ya donge hilo.

Kuchoronga kisima kunaacha uchafu gani?

Piga hesabu mwenyewe. Tundu la inchi 12 na robo, ambayo ni saizi ya kawaida kwa sehemu ya kati ya kisima, hutoa takriban mita za ujazo 76 za mwamba kwa kila mita 1,000. Mwamba uliosagwa huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa ardhini. Zidisha kwa mamia ya visima.

Chenga hizo hutoka zikiwa zimelowa tope la kuchorongea, yaani mchanganyiko wa maji au mafuta ya kutengenezwa, udongo mfinyanzi, chumvi na unga mzito wa madini ya baraiti. Tope la maji si kali sana, ila chumvi yake huua mimea. Tope lenye msingi wa mafuta ndilo linalohitaji kutibiwa kabla ya chenga kutupwa. Mambo huharibika kwenye hatua za kawaida kabisa: shimo la muda lisilotandikwa turubai zito chini, mvua kubwa inayojaza bwawa la tope hadi likafurika, au lori linalomwaga mzigo njiani ili kuokoa safari. Kila mzigo unapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha ulikotoka, uzito, na ulikopokelewa. Karatasi ya kutoka isiyo na mwenzake ya kupokelewa maana yake kuna mzigo uliopotea njiani.

Nasikia kuna maji yanayotoka pamoja na mafuta. Ni maji gani, na yanakwenda wapi?

Hili ndilo swali tunaloliona muhimu kuliko yote kwa majirani wa visima, na ndilo linaloulizwa na wachache.

Mwamba wenye mafuta una maji pia, maji ya kale yenye chumvi. Yanapanda pamoja na mafuta, yakibeba matone ya mafuta, metali kama bariamu, na wakati mwingine chembe za radiamu zenye mnururisho, ambazo huganda kama magamba ndani ya mabomba. Mwanzoni maji hayo ni kidogo. Kadiri uwanja wa mafuta unavyozeeka, yanaongezeka, na viwanja vingi vikongwe duniani hutoa mapipa kadhaa ya maji kwa kila pipa moja la mafuta. Kwa hiyo tatizo hili huwa dogo siku ya uzinduzi, wakati kamera zipo, na kubwa miaka kumi na tano baadaye.

Mpango wa Tilenga ni kuyarudisha maji hayo chini yalikotoka, pamoja na maji ya nyongeza kutoka Ziwa Albert ili kusukuma mafuta. Karibu nusu ya visima vya Tilenga ni vya kurudishia maji. Ni njia nzuri kuliko kuyamwaga, mradi kisima chenyewe kiwe kizima. Hitilafu ni za aina tatu. Kwanza, kutu hutoboa bomba la chuma la kisima, kwa sababu maji ya chumvi yenye hewa ukaa hula chuma haraka. Pili, saruji iliyo kati ya chuma na mwamba huacha mwanya, na maji hupanda kupitia humo hadi kwenye tabaka la maji ya kunywa. Tatu, mgandamizo wa kusukuma huzidi uwezo wa mwamba na kuupasua. Zote tatu hazionekani juu ya ardhi. Huonekana kwenye vipimo vya mgandamizo kati ya mabomba ya kisima, ambavyo mwendeshaji anatakiwa kuvirekodi. Katika mkutano wa kijiji usiulize "je, maji yako salama?" Jibu litakuwa ndiyo. Uliza: "Visima vingapi vya kurudishia maji vimefeli kipimo cha mgandamizo mwaka huu, na vilifanywa nini?"

Njia nyingine iko kwenye uwanja wa mafuta wa Nimr, kusini mwa Oman. Huko, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya mita za ujazo 100,000 za maji ya aina hii kwa siku hupitishwa kwenye mamia ya hekta za matete yaliyopandwa jangwani. Mafuta hukusanywa kwanza kwa vitenganishi, kisha mizizi na bakteria humalizia kazi, na maji hutiririka yenyewe bila pampu kubwa. Inafanya kazi kwa sababu kuna ardhi tupu isiyo na mwisho na maji yenyewe hayana chumvi kali. Ukingo wa Ziwa Albert, wenye vijiji vya wavuvi vilivyobanana chini ya mteremko, hauna nafasi hiyo.

Je, gesi itachomwa kama tunavyoona picha za Nigeria?

Kuchoma gesi kila siku kama desturi hakumo kwenye mpango: gesi ya Tilenga inatarajiwa kutumika kuzalisha nishati ya mtambo. Kuchoma kwa dharura kutakuwepo, mitambo inapozimika au inapowashwa upya. Mwali safi hauna moshi mwingi. Moshi mweusi mzito maana yake gesi inaungua vibaya au ina mafuta ndani yake. Andika tarehe, saa ulipoanza na saa ulipokoma, na upige picha. Siku moja ya mwali ni dharura, lakini wiki tatu mfululizo zinastahili barua.

Bomba likivuja, nani atajua kwanza?

Watu wengi wanaamini kompyuta itajua. Mara nyingine, ndiyo. Bomba likipasuka ghafla, mgandamizo unashuka na vali hufungwa. Tatizo ni tundu dogo. Mifumo ya kulinganisha ujazo unaoingia na unaotoka kwa kawaida haiuoni mvujo ulio chini ya takriban asilimia 1 ya mtiririko. Bomba hili likifika kilele chake cha mapipa 216,000 kwa siku, asilimia 1 ni mapipa 2,160, yaani zaidi ya lita 340,000 kila siku. Kwa sababu hiyo umewekwa pia mkongo wa mawasiliano sambamba na bomba, unaoweza kuhisi mabadiliko ya joto na mtikisiko. Mkongo nao hukatika.

Hesabu nyingine ya kuweka kichwani: kila kilomita moja ya bomba hubeba takriban mita za ujazo 265 za mafuta, kama mapipa 1,600 na ushee. Vali zikishafungwa, kiasi kinachoweza kuendelea kutoka kinategemea urefu kati ya vali mbili na mwinuko wa ardhi. Aliye bondeni hupokea mafuta yote yaliyo juu yake. Ndiyo maana vali huwekwa pande zote mbili za mto mkubwa kama Kagera.

Mfano wa karibu ni Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Mwaka 2015 bomba la Kenya Pipeline lilivuja, mafuta yakaingia Mto Thange na visima vya wananchi. Kesi ilichukua miaka mingi. Ilikuwa mwaka 2025 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi ilipoamuru fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Yale yalikuwa mafuta yaliyosafishwa, ambayo hupenya udongo upesi kuliko mafuta ghafi yenye nta, lakini safari ya mwananchi kutoka kisimani hadi mahakamani ni ileile.

Nimeona mafuta au nimesikia harufu. Nifanye nini?

1. Ondoka, ukielekea upande upepo unakotoka. Usiwashe pikipiki, kiberiti wala jiko. Simu itumie ukishafika mbali.
2. Ukisikia harufu ya yai bovu kisha ikapotea ghafla, usifikiri hatari imekwisha. Gesi ya salfidi hidrojeni ikizidi, hufisha pua kabla ya kumwangusha mtu. Kimbia kuelekea sehemu ya juu, maana gesi hii ni nzito na hukaa mabondeni.
3. Toa mifugo na watoto. Funga mfereji wa kumwagilia ikiwa unaweza kuufikia bila kukanyaga mafuta.
4. Toa taarifa kwa namba iliyo kwenye nguzo ya alama ya bomba iliyo karibu, ukitaja namba ya nguzo hiyo. Kisha mjulishe mtendaji wa kijiji, au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) upande wa Uganda.
5. Siku hiyohiyo andika barua kwa NEMC, baraza la mazingira, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji (Uganda ni NEMA, mamlaka ya mazingira, na Mamlaka ya Petroli), na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Simu peke yake haiachi ushahidi.

Usichote mafuta kwa ndoo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukusanyika kuchota. Sange, mashariki mwa Kongo, mwezi Julai 2010, walikufa zaidi ya 200. Mafuta ghafi hayafai hata kwa taa.

Kisima changu kina utando wa rangi za upinde wa mvua. Ni mafuta?

Si lazima. Bakteria wanaokula chuma hutengeneza utando unaofanana kabisa, hasa kwenye maji yaliyotuama penye udongo mwekundu. Chukua kijiti, upasue utando. Ukivunjika vipande vyenye kona kama kioo na vikabaki vimeachana, ni bakteria. Ukizunguka na kujiunga tena, ni mafuta. Nusa pia. Kipimo cha kijiti hakikupeleki mahakamani, lakini kinakuepusha kupiga kelele ya bure, na kelele ya bure mara mbili hukufanya usisikilizwe mara ya tatu.

Tupimeje maji yetu ili matokeo yakubalike?

Pimeni kabla mafuta hayajaanza kupita. Kipimo cha baada ya kuvuja, bila cha kabla, hujibiwa kwa sentensi moja: "Huenda maji yalikuwa hivyo tangu zamani." Makampuni yana vipimo vyao vya hali ya awali, vilivyomo kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Vya kwenu ni hivi.

Chagueni visima vitatu kwa kijiji: kimoja upande wa juu wa mkuza, viwili upande wa chini, kwa kuwa maji ya ardhini mara nyingi hufuata mteremko. Pimeni mara mbili, mwisho wa kiangazi na wiki chache baada ya mvua za masika kuanza.

Chupa ziombwe maabara, zisiwe za soda. Kwa benzini na wenzake (kwenye fomu huandikwa BTEX) hutumika vichupa vya kioo vya mililita 40 vyenye tone la asidi ndani. Jaza taratibu hadi maji yavimbe mdomoni, funga, kisha pindua kichupa na ukigonge. Ukiona povu la hewa, chukua kichupa kipya, maana benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo na kipimo kitasoma pungufu. Kwa jumla ya haidrokaboni za mafuta (TPH) tumia chupa ya kioo ya kahawia ya lita moja. Plastiki haifai, mafuta hung'ang'ania kuta zake. Wala usiisuuze kwa maji ya kisima kwanza. Kwa metali, kinyume chake: chupa ya plastiki yenye asidi ya nitriki.

Kwenye kisima cha bomba la mkono, pampu dakika tano hadi kumi kwanza ili kutoa maji yaliyolala ndani ya bomba. Anayechukua sampuli asiwe ametoka kujaza mafuta bodaboda, asivute sigara, na jenereta isiwake karibu. Tumeona matokeo ya maabara yakitupwa kwa sababu ndogo kama hiyo. Chupa ziwekwe kwenye boksi la barafu, kama nyuzi 4. Vichupa vya BTEX vyenye asidi vina siku 14 kufika na kupimwa. Visivyo na asidi, siku 7.

Halafu karatasi. Jina la kisima, mahali kwa GPS, kina, saa, jina la aliyechukua, shahidi, sahihi na muhuri wa serikali ya kijiji, na kila mkono uliopokea boksi hadi maabara. Ikiwezekana mwiteni mtumishi wa bodi ya maji ya bonde lenu, achukue sampuli pacha saa hiyohiyo. Tanzania kuna Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na maabara za Wizara ya Maji. Uganda kuna maabara ya serikali ya uchambuzi. Ulizeni mapema kama wanapima BTEX, kwa kuwa ofisi za mikoani nyingi hupima bakteria na chumvi tu.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita.

Hatuna hela ya maabara. Basi?

Nunueni kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme wa maji, kile kinachoandika µS/cm. Ni cha bei nafuu, kinaingia mfukoni. Hakioni mafuta, lakini kinaona chumvi, na maji yanayotoka na mafuta yana chumvi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kusoma visima kumi kila mwezi na kuandika daftarini. Kisima kilichosoma kati ya 300 na 400 kwa miaka miwili kikiruka ghafla hadi 1,500, hapo mna sababu ya kudai maabara kwa gharama ya mwingine. Kipimo kisahihishwe kwa maji ya kalibresheni kila mwezi, la sivyo daftari zima litatiliwa shaka.

Mtaro umefukiwa, lakini shamba limebonyea na mazao hayaoti. Ni kawaida?

Kubonyea kidogo ni kawaida baada ya masika ya kwanza. Mazao kutoota si kawaida. Sababu ya kwanza huwa ni kuchanganya udongo: ule wa juu, wenye rutuba, ulitakiwa kuwekwa peke yake na kurudishwa juu mwishoni. Chimba vishimo viwili vya nusu mita, kimoja juu ya mtaro na kingine shamba la pembeni, uvipige picha pamoja. Ukiona udongo mwekundu au changarawe juu upande wa mtaro, ushahidi umeupata. Sababu ya pili ni kushindiliwa na mitambo. Ya tatu ni maji ya mvua kufuata mstari wa mtaro kama mfereji, hasa kwenye miteremko. Palihitajika matuta ya kukinga, yakielekeza maji pembeni. Yote matatu yanarekebishika, na ni wajibu wa mkandarasi kabla ya kukabidhi eneo. Akishaondoa mitambo yake, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Ndani ya mkuza, wenye upana wa mita 30, hakuna kujenga wala kupanda miti ya mizizi mirefu. Watu na mifugo wanaruhusiwa kuvuka.

Bahari ya Tanga itaathirika vipi?

Chongoleani kunajengwa matangi manne ya mapipa 500,000 kila moja na gati la kupakia meli. Kusini mwa hapo kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na pwani yote ina mikoko, majani ya bahari na miamba wanakokaa pweza.

Ajali kubwa ya meli ni adimu. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni mwagiko mdogo wakati wa kupakia, mpira ukichomolewa au kiungo kikivuja. Mafuta yenye nta yakigusa bahari ya nyuzi 27 huanza kuwa madonge. Madonge yakiingia mikokoni wakati wa maji kujaa hubaki kwenye mizizi ya kupumulia maji yakitoka, na mti hukosa hewa. Kuingia na mabuti kusafisha mikoko huzamisha mafuta ndani ya tope na kuongeza madhara. Kinachofaa ni maboya ya kuzuia yaliyotegwa mdomoni mwa mkondo kabla mafuta hayajafika. BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) iulize: maboya hayo yana urefu gani, yamehifadhiwa wapi, na yanachukua saa ngapi kufika kila mkondo? Kisha muombe zoezi la majaribio wakati wa kusi, pepo zikiwa kali. Zoezi la siku shwari halionyeshi kitu.

Na wanyama wa Murchison?

Uwanja wa kisima wenyewe ni mdogo. Barabara, taa za usiku na mitikisiko ndivyo vinavyowasogeza wanyama, na tembo aliyesogezwa huenda kwenye muhogo wa mtu. Andikeni matukio ya uvamizi wa mashamba kwa tarehe, pamoja na kazi iliyokuwa ikiendelea hifadhini siku hizo.

Ogoni inatuhusu nini? Kule ni Nigeria.

Inatuhusu kwa sababu imepimwa. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya ardhi ya Ogoni. Huko Nisisioken Ogale, familia zilikuwa zikinywa maji yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Usafishaji ulikadiriwa kuchukua miaka 25 hadi 30, na dola bilioni 1 kwa miaka mitano ya kwanza tu. Ikumbukwe kwamba Shell ilikuwa imesimamisha uzalishaji Ogoni tangu mwaka 1993. Mafuta yaliacha kutoka, uchafu ukabaki. Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane, walioinua sauti juu ya uharibifu huo, walinyongwa na serikali ya kijeshi tarehe 10 Novemba 1995.

Bodo, jirani na hapo, mabomba yalivuja mara mbili mwaka 2008. Fidia ya pauni milioni 55 ilikubaliwa Januari 2015, baada ya wananchi kwenda mahakama ya London.

Hewa ukaa ya mradi huu ni kiasi gani?

Pipa moja likichomwa hutoa takriban tani 0.43 za kaboni dioksidi. Mapipa 216,000 kwa siku ni karibu milioni 79 kwa mwaka, kwa hiyo tani milioni 34 hivi kila mwaka kwenye kilele, bila kuhesabu kuchoronga, kupasha bomba wala meli. Sehemu kubwa itachomwa nje ya Afrika Mashariki.

Kelele za Ulaya zimesaidia au zimeharibu?

Zimefanya yote mawili. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio tarehe 15 Septemba 2022 la kuukosoa mradi, benki kadhaa kubwa zikajitoa, na huko Ufaransa kampuni ya TotalEnergies ikashitakiwa kwa sheria ya mwaka 2017 ya wajibu wa uangalizi, inayozitaka kampuni kubwa kuzuia madhara ya kazi zao. Kesi ya kwanza ilitupwa Februari 2023, nyingine ikafunguliwa Juni mwaka huohuo. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, nayo ilitupa kesi ya asasi za kiraia Novemba 2023 kwa hoja kwamba ilichelewa kufunguliwa. Machi 2025 mradi ulipata mkopo wa awamu ya kwanza, sehemu kubwa kutoka taasisi za Afrika, Afreximbank ikiwemo.

Shinikizo hilo limelazimisha nyaraka nyingi kuwekwa wazi. Upande wa pili, limewapa viongozi nafasi ya kusema kila anayeuliza ametumwa na wazungu. Kampala vijana wamekamatwa mara nyingi kwa kuandamana. Mkulima wa Nzega anayeuliza habari ya kisima chake hana haja ya kubeba mzigo wa mjadala wa Brussels. Barua yenye namba za vipimo haiwezi kuitwa ya kutumwa.

Hilo la kesi ya Arusha lina funzo la kiutaratibu: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu kitendo kinacholalamikiwa. Muoneni wakili mapema.

Tuombe nyaraka zipi, na kwa haki ipi?

Ombeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, mpango wa usimamizi wa mazingira, na ripoti za ukaguzi wa kila mwaka. Tanzania kanuni zinataka muhtasari wa ripoti uwe pia kwa Kiswahili, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Msisome kurasa zote. Nendeni kwenye jedwali la ahadi: kila athari ina hatua, mhusika na kipimo. Safu ya kipimo ikiandikwa "itakapobidi", hapo hakuna ahadi.

Barua itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa: Tanzania ya mwaka 2016, jibu ndani ya siku 30, Uganda ya mwaka 2005, siku 21, Kenya ya mwaka 2016, siku 21.

Fidia ya ardhi imelipwa. Bado tuna madai ya mazingira?

Ndiyo. Fidia ya kupisha mkuza ni ya ardhi na mali iliyokuwa juu yake siku ya uthamini. Haigusi maji yatakayochafuka baadaye, wala shamba lililo nje ya mkuza. Kabla ya kusaini hati yoyote ya "malipo ya mwisho", soma kama ina kifungu kinachofuta madai yajayo, na ukikikuta, omba kikatwe.

Mafuta yakiisha, nani atafukua na kusafisha?

Mradi unatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 20. Sheria ya petroli ya Uganda ya mwaka 2013 inataka mpango wa kufunga visima na mfuko wa fedha kwa kazi hiyo, unaotunishwa uzalishaji ukiwa bado unaendelea. Kisima hufungwa kwa vizibo vya saruji kwenye kila tabaka la mafuta na la maji, kisha bomba lake hukatwa chini ya usawa wa ardhi. Bomba la kusafirishia huoshwa, kisha hufukuliwa au huachwa likiwa limezibwa ncha zote mbili. Likiachwa tupu bila kujazwa, huoza, na miaka mingi baadaye hugeuka handaki la kupitishia maji chini ya mashamba na barabara. Kwa hiyo, penye mito na barabara mdai lijazwe. Na kila mwaka ulizeni salio la mfuko wa kufunga visima. Kampuni zinaweza kuuza hisa zao kabla ya siku hiyo kufika, kama kampuni ya Tullow ilivyouza zake za Ziwa Albert mwaka 2020, na mnunuzi wa mwisho huwa ndiye mwenye mfuko mwepesi.